Bahari ya kutunza na kufundishia: njia nne za kutenga eneo, na ipi inaifaa pwani yenu

Mwamba ukichoka, wavuvi ndio wa kwanza kujua. Dema linainuliwa na vikande wawili, tasi wamebaki wa ukubwa wa kiganja, na mwenye ngalawa anakwenda mbali zaidi kutafuta kitoweo ambacho baba yake alikipata mbele ya kijiji. Hapo ndipo kikao huitishwa na mtu mmoja husema: tutenge sehemu, tuiache ipumzike. Siku hizi mwalimu naye huhudhuria, maana wanafunzi wake wanasoma habari za matumbawe ubaoni ilhali matumbawe yenyewe yako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka darasani.

Kukubali kwamba sehemu itengwe huwa kazi ya kikao kimoja au viwili. Kazi kubwa huja baadaye, kuchagua namna ya kutenga, kwa sababu kila namna ina mwenye mamlaka wake, gharama zake na watu wake wa kuumia. Pwani yetu ya Afrika Mashariki imeshajaribu angalau njia nne, na zote zina mahali mnapoweza kwenda mkaona kwa macho: hifadhi ya serikali, hifadhi binafsi, tengefu la jamii, na kufunga mwamba kwa muda. Nina upande wangu na nitausema, lakini kwanza tuziweke bega kwa bega.

Njia zenyewe

Hifadhi ya serikali ndiyo kongwe. Kenya ilitangaza Malindi na Watamu kuwa hifadhi za taifa za bahari mwaka 1968, na baadaye zikafuata Kisite-Mpunguti, Kiunga na Mombasa, zote chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mpango wa Kenya ni rahisi kuuelewa: ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuvua kabisa, na kwenye hifadhi za daraja la pili uvuvi wa asili unaruhusiwa. Tanzania Bara ilivitangaza visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, mbele ya Dar es Salaam, kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Baadaye ikatunga sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, na mwaka uliofuata ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kilomita za mraba 822. Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma ilifuata mwaka 2000, kisha Hifadhi ya Silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu) ya Tanga mwaka 2009. Hizi tatu za mwisho zina jambo moja la kuzingatia sana: watu wanaishi ndani yake. Mafia imegawanywa kanda, kuanzia ile isiyoguswa hadi ile ambayo wakazi wanaendelea kuvua kwa masharti.

Hifadhi binafsi mfano wake ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi ya mji wa Zanzibar chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwanzilishi wake, Mjerumani Sibylle Riedmiller, alilianza wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwamba wa upande wa magharibi ukatangazwa rasmi na Serikali ya Zanzibar mwaka 1994, uendeshaji ukiachwa mikononi mwa kampuni ya Chumbe Island Coral Park. Kuna nyumba saba tu za wageni. Maji ni ya mvua inayokingwa na mapaa, umeme ni wa jua, vyoo havitumii maji. Fedha za wageni ndizo zinazolinda mwamba na kuwaleta wanafunzi.

Tengefu la jamii maarufu kuliko yote Kenya ni Kuruwitu, kaunti ya Kilifi. Wavuvi na wakazi waliunda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakafunga kipande cha hekta 30 hivi ndani ya maji tulivu yaliyo kati ya ufuo na mwamba. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Leo yako matengefu mengine ya namna hiyo kusini hadi upande wa kisiwa cha Wasini.

Njia ya nne ndiyo changa kwetu, na ndogo: kijiji kinafunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu hivi, kisha kinaufungua. Ilipata nguvu kusini magharibi mwa Madagaska, Andavadoaka, kuanzia 2004, na kwetu imeshika zaidi Pemba, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwa vijiji vilivyotangulia, na asasi ya Mwambao ikisaidia kamati za wavuvi za shehia (eneo dogo la utawala la Zanzibar) kupanga na kulinda.

Nani anakesha

Hili ndilo swali ambalo ningelitanguliza mbele ya mengine yote. Maboya mnaweza kuyapata kwa mfadhili, mabango pia. Mlinzi wa saa nane usiku wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwenye mafuta kwenye mashine na ruhusa ya kumsimamisha mtu, hamtampata kwa mfadhili wa mwaka mmoja.

Serikali ina faida hapa ambayo hakuna mwingine anayo. Askari wake wana uwezo wa kukamata na kushtaki, na wakati mwingine hicho ndicho kinachohitajika. Tanga ilijifunza kwa uchungu. Kuanzia 1994 mkoa ule ulikuwa na mradi mkubwa wa usimamizi wa pwani, ukisaidiwa na Ireland na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Vijiji vilikaa pamoja, vikafunga baadhi ya miamba na vikafanya doria. Ilikuwa kazi ya kuigwa. Mradi ulipokwisha mwaka 2007 doria zikalegea, na mabomu yakaendelea kulia. Hakuna kamati ya kijiji inayoweza kumkabili mtu mwenye baruti akiwa ndani ya boti yenye mashine mbili. Uvuvi wa mabomu ulipungua kwa kweli miaka kadhaa baadaye, vyombo vya dola vilipoungana na kuwafuata hadi wauzaji wa baruti huko nchi kavu.

Lakini eneo la kilomita za mraba 822 lina usiku mwingi na boti chache, na mkubwa wa hifadhi huhamishwa kituo kama mtumishi yeyote wa serikali. Zaidi ya hapo, jina la hifadhi halizuii kila kitu. Ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi, pale Msimbati, kuna visima vya gesi asilia, na gesi yake ndiyo inayosafirishwa kwa bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam. Sisemi gesi isichimbwe. Ninachosema ni kwamba anayedhani tangazo la serikali ni ukuta azingatie kuwa aliyelitoa ndiye mwenye funguo.

Chumbe walichagua jambo ambalo naliona la busara kubwa: walinzi wao wa mwanzo walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na hawabebi silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka, anayemfuata ni mtu anayejua jina la baba yake. Mazungumzo hayo huanza kwa salamu na habari za nyumbani, kisha ndipo huelezwa kwa nini samaki wanazaliana hapa na wanatoka kwenda kule anakovua yeye. Wanaandika kila tukio daftarini. Inafanya kazi kwa sababu eneo ni dogo na mtu akisimama kisiwani analiona lote.

Kuruwitu nayo inasaidiwa na jambo hilohilo, kwani eneo liko mbele ya ufuo. Mama anayeanika dagaa anaona nani ameingia. Ugomvi wao wa kawaida ni na wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi msimu mmoja na kuondoka, ambao hawakuwepo kwenye kikao na hawana cha kupoteza. Kanuni za Kenya za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, kuanzia zile za 2007, zinakipa kikundi cha diko, mahali pa kushushia samaki, nguvu ya kisheria, na sheria za uvuvi za Bara nazo zinavitambua vikundi vya BMU. Mkiwa na sheria ndogo iliyopitishwa, mnaweza kumwambia mgeni aondoke mkiwa na karatasi mkononi. Bila hiyo, mnategemea sauti tu.

Nani ananyimwa

Chumbe husifiwa kama mfano wa kuigwa kila mahali, na kwa uzuri wa mwamba wake inastahili, wenye aina zaidi ya 400 za samaki. Ila wanaotaka kuiga wajue siri moja ya mafanikio yale: mwamba ule ulikuwa hauvuliwi sana hata kabla ya 1994, kwa kuwa uko karibu na njia ya meli za kuingia bandarini. Kisiwa hakikuwa na kijiji. Ni watu wachache waliopokonywa riziki. Mkichukua mpango huohuo mkauweka juu ya mwamba ambao akina mama mia wanautegemea kwa pweza na chaza, mtakuwa mmefanya jambo jingine kabisa, hata mkitumia maneno yaleyale.

Mafia inaonyesha upande wa pili. Vijiji vilikuwepo, na kila mpaka uliochorwa ulikata mahali pa mtu. Watu wa Jibondo, kisiwa cha wavuvi hodari wasio na ardhi nzuri ya kulima, walikataa masharti ya hifadhi kwa muda mrefu, na ukiwasikiliza unaelewa: ukimzuia mtu wa Jibondo nyavu zake, hana shamba la kurudia. Ilhali hifadhi hiyohiyo ndiyo iliyosaidia kuwaondoa wapiga mabomu waliokuwa wakiibomoa miamba ya Mafia. Yote mawili ni kweli, na anayekueleza moja bila jingine anakuuzia kitu.

Niongeze jambo la Mafia ambalo hunishangaza. Papa potwe, mnyama aliyekifanya kisiwa kile kijulikane duniani, huonekana zaidi upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, nje ya mpaka wa hifadhi. Eneo kubwa namna ile, na mgeni wake mkubwa anakula nje. Chunguzeni kwanza viumbe vyenu viko wapi, ndipo mchore ramani.

Kwenye kufunga mwamba wa pweza, anayeumia zaidi ni mwanamke anayekwenda kwa miguu. Mwanamume ana chombo, mwamba huu ukifungwa atakwenda ule. Mwanamke ana maji kupwa ya bamvua na mtarimbo wake, basi. Kijiji kikifunga mwamba wake wa karibu kwa miezi mitatu, ni chakula chake kinachofungwa, na siku ya kufungua wazamiaji wa kiume kutoka vijiji vingine hufika na chombo kabla hajalowesha miguu. Kamati zilizoona mbali huweka kanuni kwamba siku ya kwanza ni ya wenyeji, au kwamba wachokoaji wa miguu ndio waanze. Kamati ambayo haina mwanamke hata mmoja mezani huwa haiioni shida hii mpaka siku yenyewe ifike.

Matokeo huonekana lini

Hapa tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba inabadilisha hesabu yote.

Pweza hukua haraka kupita kiasi. Maisha yake yote ni kama mwaka mmoja au zaidi kidogo, na akiachwa miezi michache uzito huongezeka mara kadhaa. Kijiji kikifunga mwamba Juni, Septemba kinapima kwa mizani ya mchuuzi na kila mtu anaona. Udhaifu wake ni kwamba mkivua kwa pupa wiki ya kwanza, faida yote inakwisha na mwezi wa pili mko mlipokuwa. Matumbawe nayo hayapati kitu cha maana kwa miezi mitatu.

Samaki wa mwambani ni habari nyingine. Tafiti za miaka mingi kwenye hifadhi za Kenya, nyingi zikiongozwa na mtafiti wa miamba Tim McClanahan, zimeonyesha kwamba mwamba usiovuliwa unaweza kufikia kilo 1,000 hivi za samaki kwa hekta, na kwamba safari ya kufika huko huchukua miaka mingi, hata miongo. Changu na tasi hurudi mapema. Chewa huchelewa. Kikande akirudi, hula wale wanyama weusi wa miiba mirefu ambao wakizidi huutafuna mwamba ukabaki mtupu. Ni mnyororo mrefu, na kila pete inangoja nyenzake. Anayewaahidi wavuvi kwamba baada ya mwaka mmoja nyavu zao zitajaa kwa sababu ya tengefu anawadanganya, na wakigundua hawatakuja kikao cha pili.

Na kuna joto. Mwaka 1998, na tena 2016, maji ya Bahari ya Hindi yalipata moto na matumbawe yakageuka meupe na kufa, ndani ya hifadhi na nje yake. Hakuna boya linalozuia hilo. Tengefu linachoweza kufanya ni kuwabakiza samaki wala mwani, ili mwamba ulioungua upate nafasi ya kuota tena.

Darasa

Wengi huliweka elimu mwisho wa pendekezo, mstari mmoja wa kumfurahisha mfadhili. Kwangu ndiyo nusu ya sababu ya kutenga, maana mtoto wa leo ndiye atakayekuwa kwenye kamati miaka ishirini ijayo, wakati chewa wanapoanza kurudi.

Kwa ubora wa somo lenyewe, Chumbe haijapata mpinzani. Maelfu ya wanafunzi wa Zanzibar wamepelekwa pale bila kulipa. Walimu huandaliwa, somo hufungamana na mtaala, na mtoto huvaa miwani na jaketi la kuelea akaingia majini. Hilo la kuingia majini lisipuuzwe: watoto wengi wa visiwani, wasichana hasa, hukua wakiitazama bahari bila kujua kuogelea. Kisha anatoka akaona msitu, choo kisicho na maji, tangi la mvua, na kaa mkubwa wa minazi. Kasoro yake ni ya kijiografia tu. Ni safari ya boti, ya kikundi kidogo, na mtoto huenda mara moja.

Hifadhi za serikali zina eneo kubwa na wataalamu, na Watamu watoto huweza kuona makasa, mikoko na matumbawe karibu karibu. Lakini kinachoendelea hutegemea sana nani yupo pale mwaka huo, na mara nyingi asasi za jirani ndizo zinazobeba mzigo wa shule.

Tengefu la mbele ya kijiji lina kitu ambacho Chumbe haiwezi kutoa, nacho ni kurudia. Darasa la tano linaweza kushuka maji kupwa kila muhula, kusimama mahali palepale, kutandika kamba ileile ya mita ishirini na kuhesabu walichokiona. Daftari likibaki shuleni, darasa linalofuata linaendeleza. Baada ya miaka sita mna kumbukumbu ambayo hata mtafiti ataiomba. Sharti ni moja: watoto wapite kwenye mchanga na majani ya bahari, wasikanyage matumbawe, na vikundi viwe vidogo.

Na mwamba wa pweza ni darasa la hisabati lisilo na mfano. Siku ya kufungua kuna mizani, bei, wastani wa uzito, mgawanyo. Kuna baiolojia pia: jike hutaga mara moja tu, hukaa akilinda mayai bila kula, kisha hufa. Mtoto akilijua hilo atakuelewa ukimwambia kwa nini jike aliyeko kwenye tundu na mayai aachwe. Mwalimu bora wa somo hili ni bibi anayejua kila tundu la mwamba ule, na ningependa shule zimlipe posho kama mgeni mwalikwa mwingine yeyote.

Fedha zikikatika

Mwaka 2020 viwanja vya ndege vilipofungwa, kila hifadhi inayoishi kwa wageni ilipata taabu, na ile ya binafsi ndiyo iliyokuwa wazi zaidi, kwani haina mfuko mwingine. Hifadhi ya serikali hupokea mishahara kutoka hazina hata ada zikikauka, ingawa mafuta ya doria huwa ya kwanza kukatwa. Tengefu la jamii hutumia kidogo, kwa hiyo huanguka polepole zaidi. Wanawake wa Wasini, waliojenga njia ya mbao juu ya bustani ya mawe ya matumbawe na mikoko, na kutumia kiingilio kusaidia ada za shule, wameonyesha kwamba kijiji kinaweza kuwa na chanzo chake bila kumngoja mwekezaji. Kufunga pweza ndiyo nafuu kuliko zote: gharama kubwa ni walinzi wa miezi mitatu.

Ningechagua nini

Kama kwenu kuna mabomu, au boti kubwa za kutoka mbali zinazoingia usiku, nendeni kwa serikali, na mwende mapema, mkiwa na ramani yenu na orodha ya watakaoumia, ili mipaka isichorwe na mtu asiyewajua. Kama kuna kisiwa kisichokaliwa na mwamba usiotegemewa na wengi, na mwekezaji aliye tayari kufungwa na mkataba unaotaja idadi ya wanafunzi kwa mwaka, njia ya Chumbe inafaa. Mkataba usipotaja shule, msitie saini.

Kwa vijiji vingi vilivyobaki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ningeanza na pweza. Fungeni mwamba mmoja, msimu mmoja, kwa kanuni zilizoandikwa na wanawake wakiwa mezani. Watu watakuwa wameona jambo kwa macho yao na kujua nani kati yao anaaminika kwenye doria. Baada ya hapo ombeni kipande kidogo cha kudumu, hekta thelathini au pungufu, mahali panapoonekana kutoka ufuoni na karibu na shule. Hapo ndipo muende kwa afisa uvuvi na BMU au kamati ya shehia kuipatia sheria ndogo, kwa sababu tengefu lisilo na karatasi hudumu kadiri ya umri wa mwenyekiti wake.

Kwenye hiyo karatasi yaandikwe mambo ambayo husahaulika: mpaka kwa alama za wazee pamoja na vipimo vya GPS, wavuvi wa dago wanajulishwa na nani na wapi wanaposhukia, kiasi gani cha mapato kinatengwa kwa walinzi kabla ya matumizi mengine yoyote, na kiti cha mwalimu ndani ya kamati, chenye haki ya kupiga kura. Tarehe ya kufungua mwamba wa pweza ipangwe iangukie bamvua ya mchana, siku ya shule, na mwalimu apewe tarehe hiyo mwanzo wa muhula ili aombe ruhusa ya wazazi mapema.